Shanta la Mwindaji: Mvua Hupitia Wapi?

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndugu msomaji, ukimwona mtu amebeba shanta mgongoni huwezi kujua uzito wake, wala huwezi kujua kama vilivyomo ndani ni vikavu au vimekwisha lowa. Anayejua ni yule mwenye mgongo. Naye aghalabu hujua akiwa amechelewa: hufungua shanta lake jioni, akakuta blanketi linachuruzika maji, kiberiti hakiwaki na karatasi zimegandamana.

Huenda umekwisha kuyaona mashanta ya namna hii katika masoko ya mitumba. Ni makubwa, yana rangi ya majani makavu, yana mikanda mingi na ukanda mpana wa kiunoni, na ndani ya mgongo wake mna fito za alumini. Muuzaji hukuhakikishia kwamba haliingii maji hata likitumbukizwa kisimani. Baadhi ya mashanta hayo yalishonwa kwa ajili ya wawindaji wa Marekani na Kanada. Makala haya yanakusudia kukuonyesha jinsi ya kulipima shanta kabla hujatoa fedha yako. Tutaanza katika pori la Alaska, ambako kosa la shanta huweza kugharimu uhai. Kisha tutarudi nyumbani, ambako hugharimu madaftari ya mtoto.

Safari ya mwindaji

Mwindaji anayekwenda mbali huko Alaska mara nyingi huchukuliwa na ndege ndogo, akashushwa kando ya ziwa au mto, kisha akatembea kwa miguu siku kadhaa. Mgongoni hubeba hema, mfuko wa kulalia, chakula, sufuria na nguo za kubadili. Akifanikiwa kumwangusha musi, yule mnyama mkubwa mwenye pembe pana kama makoleo, kazi ndiyo kwanza imeanza. Musi dume mkubwa hufikia uzito wa kilo 700, na nyama yake huweza kupata kilo 225. Sheria ya jimbo hilo inamlazimisha mwindaji kuitoa porini nyama inayolika. Kuiacha ioze ni kosa la jinai. Akibeba kilo 40 kwa safari moja, hana budi kufanya safari sita.

Na mvua je? Mji wa Ketchikan, kusini-mashariki mwa Alaska, hupata zaidi ya milimita 3,500 za mvua kwa mwaka. Dar es Salaam, ambayo masika yake tunayafahamu sote, hupata kama milimita 1,100.

Joto la kawaida la mwili wa binadamu ni kama nyuzi 37 za Sentigredi. Likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka, mikono hukosa ustadi, ulimi huwa mzito, na akili huanza kuvurugika hata akashindwa kufunga vifungo vya koti lake mwenyewe. Wala si lazima pawe na theluji. Nguo zilizolowa na upepo hutosha, kwa sababu maji hupitisha joto upesi kuliko hewa, yapata mara 25. Mfuko wa kulalia uliojazwa manyoya laini ya bata ukilowa husinyaa, na hauhifadhi joto tena. Basi kwa mwindaji huyo, kuuliza kama shanta linavuja si kuuliza habari za starehe. Ni kuuliza kama ataamka kesho asubuhi.

Mzigo ukae nyongani

Ufundi wa kubeba mgongoni si wa jana. Mwaka 1991, mpakani mwa Italia na Austria, watembezi waliona katika barafu maiti ya mtu aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Pamoja naye palikutwa upinde, podo la mishale, shoka la shaba, na ufito mrefu uliopindwa mfano wa herufi U pamoja na vibao viwili vyembamba. Wataalamu wengi wanavichukulia vitu hivyo kuwa kiunzi cha kubebea mzigo.

Mwaka 1924, Lloyd Nelson wa jimbo la Washington, Marekani, alipewa hataza ya kiunzi cha mbao kilichowambwa turubai, ili mzigo usiukandamize mgongo na hewa ipate kupita. Mwaka 1952, huko California, Dick Kelty alianza kutengeneza viunzi vya alumini nyumbani kwake, naye mkewe, Nena, akishona mifuko. Mashanta yao yalisaidia sana kueneza ukanda wa nyonga, unaouhamisha uzito kutoka mabegani na kuutua juu ya mifupa ya nyonga.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kupima. Shanta likiwa zuri, ukifunga ukanda wa nyonga mabega hupumua. Mikanda ya juu hubaki na kazi ya kuzuia mzigo usiyumbe tu. Pima mgongo wako kuanzia ule mfupa unaotokeza shingoni unapoinamisha kichwa, hadi usawa wa ncha za juu za mifupa ya nyonga. Shanta refu kuliko mgongo huo litashusha ukanda makalioni na kuyaachia mabega uzito wote. Shanta fupi litakubana tumbo.

Shanta la kuwindia huongeza jambo jingine. Mfuko wake huweza kulegezwa na kusogezwa mbali na kiunzi, nyama ikafungwa katikati, karibu kabisa na mgongo. Mzigo mzito ukining'inia mbali humvuta mtu nyuma. Mama yeyote aliyewahi kubeba mtoto kwa mbeleko iliyolegea analijua jambo hili bila kufundishwa.

Kitambaa na utando wake

Zamani mashanta yalishonwa kwa turubai la pamba. Turubai hilo lina tabia njema: nyuzi zake zikilowa huvimba, zikaviziba vitundu vilivyo kati yake. Lakini hunywa maji likawa zito, na hukawia kukauka. Nailoni, iliyovumbuliwa mwaka 1935 katika kampuni ya DuPont, baadaye ilichukua nafasi yake polepole. Nailoni haivimbi kama pamba, na kwa hiyo hupakwa utando mwembamba wa plastiki iitwayo poliyurethani, kwa kawaida upande wa ndani. Utando huo ndio unaozuia maji. Kazi ya nailoni yenyewe ni kustahimili miiba na mawe.

Unene wa uzi hutajwa kwa kipimo cha denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uwezo wa utando hutajwa kwa milimita, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa huweza kustahimili kabla hayajapenya. Kitambaa cha milimita 1,500 huweza kubeba juu yake maji yaliyosimama katika bomba la mita moja na nusu. Ni sifa kubwa. Lakini angalia, ndugu msomaji: hiyo ni sifa ya kitambaa, si sifa ya shanta. Hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea.

Mwindaji ana taabu nyingine pia. Nailoni ngumu hupiga kelele ikikwaruzwa na matawi, na mnyama husikia. Ndiyo maana baadhi ya mashanta ya kuwindia hushonwa kwa kitambaa laini chenye malaika kama ya blanketi. Kitambaa hicho ni kimya, lakini hunywa maji kama sponji. Anayewinda katika nyanda kavu za magharibi ya Marekani anaweza kuchagua ukimya. Anayekwenda kwenye mvua za Alaska ni heri avumilie kelele.

Milango minne ya maji

Sasa tujibu swali letu. Mvua hupitia wapi?

Mlango wa kwanza ni mishono. Kila sindano inapochoma kitambaa huacha tundu, na shanta moja lina matundu maelfu. Yasipozibwa kwa utepe maalumu au gundi, maji yatapenya hata kama kitambaa ni cha hali ya juu. Mlango wa pili ni zipu. Ziko zipu zilizopakwa plastiki, nazo hupunguza maji, lakini nyingi haziyazuii kabisa. Mlango wa tatu ni mdomo wa juu, hasa ule unaokazwa kwa kamba tu na kufunikwa kwa kifuniko. Mlango wa nne husahaulika: ni mgongo. Maji hutiririka kutoka kofia na kola ya koti, yakashuka kati ya mgongo na shanta, yakanywewa na sponji za mikanda.

Wengi hutegemea kanzu ya mvua, yaani kile kifuniko chepesi kinachovishwa juu ya shanta. Kinafaa, na kikiwa cha rangi ya machungwa humsaidia mwindaji kuonekana na wenzake wenye bunduki. Lakini hakizibi mlango wa nne, hupeperushwa na upepo, huchanwa na miiba, na kisipokuwa na tundu chini hukusanya maji kama karai.

Tena kuna jambo la ndani zaidi. Nyama huhitaji ubaridi na hewa. Ndiyo maana hutiwa katika mifuko ya kitambaa inayopumua. Ukiifungia ndani ya plastiki ikiwa bado ina joto, itaharibika upesi. Mfuko wa kulalia, kinyume chake, hutaka kufungiwa usipate hata tone. Shanta moja haliwezi kuwa wazi na kufungwa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wawindaji wenye uzoefu hawalitaki shanta lizuie maji yote. Hulitaka libebe mzigo vizuri, livumilie, na likauke upesi. Kazi ya kuzuia maji huipa mifuko midogo ya ndani isiyopitisha maji, ambayo mdomo wake hukunjwa mara tatu na kubanwa kwa bizimu: mmoja wa kulalia, mmoja wa nguo, mmoja wa kiberiti na dawa. Shanta likilowa, mwenyewe hulala pakavu.

Ukiwa sokoni

Kwa mnunuzi wa mitumba, adui mkubwa ni umri. Utando wa poliyurethani huharibiwa na unyevu na joto, na pwani yetu ina vyote viwili. Geuza shanta ndani nje. Ukikuta pananata, panabambuka mfano wa magamba, au panatoa harufu kali ya uchachu, utando umekufa. Liache, hata kama nje linang'aa. Kisha vuta mikanda mahali iliposhonewa, kwani hapo ndipo shanta hukatikia. Fungua na kufunga kila zipu na kila bizimu. Mwombe muuzaji atie humo mzigo wa kilo kumi hivi, ulivae na kutembea nalo. Shanta tupu halisemi kweli.

Tahadhari moja zaidi. Mashanta mengi ya kuwindia yana madoadoa yanayofanana na sare za kijeshi. Mwezi Agosti 2023, Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwataka raia wenye mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo wayasalimishe. Usinunue matatizo, chagua la rangi moja ya kawaida.

Ukifika nyumbani, lipime kwa gazeti. Lijaze magazeti makavu, livishe kiti uani, ulimwagie maji ya ndoo kidogo kidogo kwa muda wa dakika kumi, mbele na nyuma. Kisha toa gazeti moja moja. Mahali palipolowa patakuonyesha mlango wa maji, na hapo utajua pa kutia gundi.

Somo kwa mzazi

Mtoto wako haendi Alaska, lakini wakati wa masika hubeba mgongoni kazi yake ya mwaka mzima. Madaftari yakilowa wiki moja kabla ya mtihani, hakuna duka linalouza yaliyoandikwa humo. Basi fanya kama mwindaji: usitafute mfuko wa ajabu wa bei kubwa, bali tenga vya kulinda. Mpelekee fundi cherehani kipande cha kile kitambaa cha mpira kinachotandikwa mezani, akushonee bahasha yenye mdomo mrefu. Mwambie mishono iwe kandoni tu, si chini, na mfundishe mtoto kuukunja mdomo mara tatu kabla ya kutoka darasani.

Usisahau uzito. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri kwamba mzigo wa shule usizidi sehemu ya asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo 30, basi, abebe kilo 3 hadi 6, na mikanda yote miwili ikae mabegani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumapili ya leo, kabla mawingu hayajatanda, litoe shanta lililotundikwa nyuma ya mlango, uligeuze ndani nje. Ni heri uione kasoro yake ukiwa umeketi barazani kwako kuliko kuionyeshwa na mvua njiani.