Tulijenga kwa Daftari

Ndugu msomaji, mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kupita vijijini katika wilaya ya Bagamoyo, kuzungumza na wakulima juu ya mihogo, minazi na mikorosho. Leo sitasema habari za shamba. Leo nitasema habari za nyumba. Mimi na mke wangu tumejenga nyumba yetu bila mkandarasi. Nataka uone tulivyofanya, na pia uone mahali nilipokosea.

KAZI TATU

Mume na mke kujenga pamoja si jambo jipya huku pwani. Wazee wetu walijenga hivyo. Mume alikata miti na fito. Mke alisuka makuti na kuteka maji ya kukandia udongo. Majirani walikuja kukandika kuta, nao walipikiwa chakula. Hapakuwa na mkandarasi.

Nyumba ya saruji ni tofauti, kwa sababu karibu kila kitu kinanunuliwa. Mkandarasi hufanya kazi tatu. Hupiga hesabu ya vifaa. Hutafuta mafundi. Husimamia kazi. Ukijenga bila mkandarasi, kazi hizo tatu haziondoki. Zinakuwa zako.

Sisi tuligawana. Mimi nilitafuta fundi na kununua vifaa. Mke wangu alitunza stoo na daftari. Yeye alijifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima, katika darasa la jioni. Mimi nina cheti cha kilimo. Lakini mimi hushinda vijijini. Yeye ndiye aliyekuwa karibu na kiwanja, na mwandiko wake unasomeka.

HESABU KWANZA

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja, tulikaa chini tukapiga hesabu. Nyumba yetu ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Kuta za nje, ukizunguka, ni mita 28. Ndani kuna kuta 2, kila moja mita 6. Kwa hiyo kuta zote pamoja ni mita 40. Kimo chake ni mita 3. Zidisha 40 kwa 3, unapata mita za mraba 120.

Tulitumia matofali ya inchi 6. Tofali moja lina urefu wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 23. Kila mita moja ya mraba huchukua matofali kama 9. Zidisha 120 kwa 9, unapata matofali 1,080. Nafasi za milango na madirisha hatukuzitoa. Tuliziacha zifidie matofali yatakayovunjika.

Tulipatana na fundi kwamba mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 utoe matofali 30. Kwa hiyo matofali 1,080 yalihitaji mifuko 36. Wako watu hutoa matofali 50 kwa mfuko mmoja wakadhani wamepata faida. Tofali la namna hiyo ukilikwangua kwa msumari, linamwaga mchanga.

Hatukununua mifuko 36 kwa mara moja. Hewa ya pwani ina unyevu, na saruji ikikaa sana huganda. Tulinunua mifuko 20 kwanza. Tuliipanga juu ya mbao, siyo sakafuni.

Mchanga wetu haukutoka ufukweni. Mchanga wa bahari una chumvi. Chumvi hula nondo na huvuta unyevu ukutani. Matofali yalipokwisha kupigwa, tuliyafunika yasipigwe na jua, tukayamwagilia maji kwa siku 7. Tofali likikauka upesi halipati nguvu.

MFUKO ULIOPOTEA

Kila jioni mke wangu aliandika mambo matatu: mifuko iliyotoka stoo, matofali yaliyopigwa, na mifuko iliyobaki. Siku ya nne daftari lilisema hivi: mifuko iliyonunuliwa 20, iliyotumika 12, matofali 360. Basi stoo ilipaswa kuwa na mifuko 8. Alihesabu, akaona 7. Alihesabu tena. Ilikuwa 7.

Alimwita fundi wetu, mzee mwenye kazi ya miaka mingi. Alimwuliza kwa heshima, "Mzee wangu, mfuko mmoja uko wapi?" Fundi alisema hajui. Vijana waliokuwa wakimsaidia walitazamana. Hakuna aliyetukana mtu, lakini kila mmoja alielewa nani anashukiwa.

Niliporudi jioni nilisimuliwa. Ndugu msomaji, mimi nilijua mfuko ulipo. Siku mbili nyuma, mke wangu akiwa shambani, mtoto wa ami yangu alikuja kuomba saruji ya kutengeneza choo chake. Nilimpa mfuko mmoja. Sikuandika. Nilijiambia kwamba mwenye nyumba ni mimi, niandike kwa nini? Usiku ule niliona haya, nikanyamaza.

Asubuhi nilimkuta fundi anafunga vyombo vyake: mwiko, timazi, pima maji na kamba. Akasema, "Bwana shamba, mimi siwezi kujenga nyumba ya watu wanaoniona mwizi. Kesho nitapewa kazi na nani hapa kijijini?"

Hapo niliona ubaya wa kosa langu. Mfuko mmoja hununuliwa tena. Jina la mtu halinunuliwi dukani. Niliwaita vijana wote na mke wangu, nikasema mbele yao kwamba mfuko niliutoa mimi. Nikamwomba fundi radhi. Alikaa kimya kitambo. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa mwiko.

Mke wangu naye alimwomba radhi. Halafu alinigeukia, akanipa kalamu. Alisema neno moja tu: "Andika." Nikaandika kwa mkono wangu: mfuko 1, amepewa ndugu, umetolewa na mume. Tangu siku ile hakuna kilichotoka stoo bila kuandikwa, hata msumari.

KULIPA NA KUPIMA

Malipo ya fundi nayo tuliyaandika. Tulimlipa kwa hatua: msingi ulipokwisha, kuta zilipofika juu, paa lilipoezekwa, na lipu ilipokauka. Kila mara alitia sahihi, nasi tukatia. Usimlipe fundi fedha zote kabla ya kazi. Pia usimcheleweshe akishamaliza hatua yake.

Jifunze kupima, hata kama hujui kujenga. Kona ya nyumba hupimwa kwa kamba. Pima mita 3 upande mmoja, na mita 4 upande wa pili. Kisha pima kutoka alama hadi alama. Ukipata mita 5 kamili, kona ni sawa. Ukipata zaidi au pungufu, kona imepinda. Sisi tulipima kona zote nne kabla ya kuchimba msingi. Nyingine zilikuwa zimepinda, na fundi alizirekebisha kwa dakika chache. Kuta zingekuwa zimesimama, tungefanya nini?

NYUMBA YA NANI?

Tulijenga kwa miaka mitatu. Fedha zilitoka kwenye mshahara wangu na kwenye mihogo ya mke wangu. Yeye pia alipika, aliteka maji ya ujenzi na kulea watoto. Je, nyumba ni ya nani?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki ya kuwa na mali kama mume. Tena, mmoja hawezi kuuza nyumba wanamokaa bila mwenzake kukubali. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu mume na mke kuomba pamoja hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo hutolewa na halmashauri ya kijiji.

Sisi tumeomba kwa majina mawili. Daftari letu lenyewe linaonyesha nani alitoa nini. Siku nikifa, hakuna atakayekuja kumwambia mke wangu afungashe.

Ndugu msomaji, wewe umeshajua kusoma na kuandika. Kama unataka kujenga, anza kwa kununua daftari. Liandikeni wote wawili, na msimwogope mtu katika kuandika, hata mwenye nyumba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Ukuta una urefu wa mita 4 na kimo cha mita 3. Utahitaji matofali mangapi ya inchi 6?
2. Kwa nini bwana shamba alinyamaza usiku ule? Wewe ungefanya nini?
3. Katika nyumba yako, nani anatunza hesabu?