Somo la Redio: Jengo la Chuo Katika Mji wa Jangwa



Niliwahi kufundisha watu wazima katika chumba chenye kuta nyembamba na paa la bati lisilo na dari. Ilipofika saa nane mchana nusu ya darasa walikuwa nje chini ya mti, na waliobaki wakijipepea kwa madaftari. Wale hawakuwa wavivu. Jengo ndilo lililowafukuza. Chuo kikijengwa vibaya katika mji wa joto, ama wanafunzi watatoroka, ama fedha za vitabu zitaliwa na mashine za kupoza hewa, mwezi hata mwezi, mpaka siku mashine zitakapoharibika.

Tazama mfano mmoja wa kweli. Kaskazini ya Kenya, kando ya Ziwa Turkana, kuna chuo cha vijana kiitwacho Startup Lions Campus, kilichomalizika kujengwa mwaka 2021. Vijana hujifunza huko kazi za kompyuta, ili wapate riziki bila ya kuhama kwao. Aliyekichora ni Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando katika Burkina Faso. Mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu, yaani watu wachorao ramani za majengo.

Shida pale ni mbili, joto na vumbi, nazo zinapingana. Ukifungua madirisha yote, vumbi litaingia katika kompyuta. Ukiyafunga, watu wataiva kama mikate. Mchora ramani akaiga vichuguu virefu vya mchwa, ambavyo kila mtu wa Turkana anavijua. Chuo kikasimamishiwa minara. Hewa ya moto ni nyepesi, basi hupanda mnarani na kutoka juu. Ikitoka, huvuta hewa iliyo baridi zaidi iingie kwa matundu ya chini. Hakuna mota, hakuna swichi. Ukitaka kuamini, washa udi karibu na tundu la chini la chumba chenye tundu jingine juu, kisha ufuate moshi kwa macho.

Kuta zake ni za mawe ya huko huko. Hapa nakuomba uwe mwangalifu. Watu wengi husema kwamba ukuta mnene ndiyo dawa ya jangwa. Si kila mahali. Katika mji kama Yazd, nchini Iran, usiku hupoa sana. Ukuta hutoa joto lake usiku, na asubuhi huanza kazi upya. Lakini Lodwar, mji mkubwa wa Turkana, hata usiku una joto, na ukuta haupati nafasi ya kupoa vizuri. Huko upepo na kivuli vina kazi kubwa kuliko unene wa ukuta. Basi kabla ya kuuliza bei ya mawe, uliza habari za usiku wa mji wako.

Tena, karibu na ikweta jua la asubuhi na la alasiri hupiga pande za mashariki na magharibi. Elekeza ubavu mrefu wa jengo, wenye madirisha, kaskazini na kusini. Haigharimu hata senti moja, na bado naona madarasa yaliyogeuzwa kinyume kwa sababu tu barabara imepita upande ule.

Sasa maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuseme mvua ya mwaka ni milimita 200, na paa lako ni mita za mraba 500: hizo ni lita 100,000. Toa zitakazomwagika na kukauka, zibaki 80,000. Wanafunzi 200 kwa siku 200 za masomo watapata lita mbili kila mmoja kwa siku. Ni maji ya kunywa, wala si ya kuvuta choo au kumwagilia bustani ya majani. Tangi lijengwe kabla ya geti la fahari.

Kwa wiki ijayo, pima paa la darasa lako kwa hatua, ufanye hesabu hiyo. Kisha ingia darasani saa nane mchana, uguse ukuta wa magharibi kwa kiganja, uandike ulichokiona.