Mficha Uchi Hazai: Tasfida, Aibu na Maradhi ya Kibofu na Nyonga kwa Wanawake

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote wa isimujamii hufunzwa mapema kwamba tasfida ni pambo la adabu. Hatusemi kwamba mtu amekojoa, twasema amekwenda haja ndogo. Hatusemi kwamba mwanamke amezaa, twasema amejifungua. Waama, lugha isiyo na tasfida ni sawa na mwili usio na nguo. Hata hivyo, nguo iyo hiyo inayositiri uchi yaweza kufunika donda hadi likaoza. Makala haya yananuia kueleza maradhi ya kibofu na misuli ya nyonga yanayowapata wanawake, yale ambayo watafiti wamegundua kuyahusu, na jinsi ukimya wetu wa lugha unavyowazuia wagonjwa kuifikia tiba iliyopo.

Jambo hili halikunijia kutoka maktabani. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa na kigoda chake cha mti. Katika arusi, matanga na hata sebuleni kwake mwenyewe, hakuketi penginepo, na hata wakati wa jua kali alijifunga leso mbili. Sisi wajukuu tulidhani ni maringo ya uzee. Nilipomsindikiza hospitalini mara ya kwanza, alimwambia daktari kijana kwamba anaumwa na kiuno. Akapewa tembe za maumivu. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu, muuguzi mmoja wa makamo alimtazama, akaufunga mlango na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, hii leso ya pili ni ya nini?" Nyanya alinyamaza kwa muda, kisha akajibu. Tatizo lake lilikuwa limeanza alipojifungua mtoto wa saba, zaidi ya miaka thelathini nyuma.

Maumbile na Chanzo cha Maradhi

Chini ya kibofu, mfuko wa uzazi na sehemu ya mwisho ya utumbo, pana tabaka la misuli na kano lililotandwa kutoka mfupa wa kinena upande wa mbele hadi kifandugu upande wa nyuma. Tabaka hili twaweza kulilinganisha na kamba za kitanda. Zikiwa zimekazwa sawasawa, anayelala huinuliwa; zikilegea, hubonyea hadi karibu na sakafu. Mimba, uzazi wa mara kwa mara, uchungu wa muda mrefu, uzee, unene na kikohozi kisichokoma ni miongoni mwa mambo yanayozilegeza kamba hizi.

Maradhi yenyewe ni ya namna mbalimbali. Kwanza, mkojo huweza kuvuja mwanamke anapokohoa, anapocheka au anapoinua mzigo. Mnamo mwaka 1994, daktari John DeLancey wa Marekani alilieleza jambo hili kwa mfano wa mpira wa kunyunyizia maji bustanini. Mpira uliolazwa juu ya saruji ukikanyagwa hubanika na maji hukatika. Mpira uo huo ukilazwa juu ya tope, mguu huuzamisha tu na maji huendelea kutiririka. Mrija wa mkojo nao huhitaji msingi imara chini yake ili ubanike wakati wa kikohozi.

Pili, kuna haja ya ghafla isiyosubiri, ambapo misuli ya kibofu hujikaza kabla hakijajaa, na mgonjwa huvujwa na mkojo kabla ya kufika msalani. Tatu, kuna kushuka kwa kibofu au mfuko wa uzazi hadi ukeni, na pengine hadi nje. Huu ndio uliokuwa ugonjwa wa nyanya.

Nne, na lililo zito zaidi, ni nasuri ya uzazi, ambayo wengi nchini Kenya huiita fistula. Uchungu unapodumu kwa siku mbili au tatu bila msaada, kichwa cha mtoto huzibana nyama laini za mama dhidi ya mfupa wa kinena. Damu haipiti na nyama hizo hufa. Baada ya siku kadhaa hubanduka na kuacha tundu baina ya kibofu na uke, au baina ya utumbo na uke. Aghalabu mtoto huwa ameshakufa. Mama hubaki akivujwa na mkojo, pengine na kinyesi, usiku na mchana. Msomaji atambue kwamba chanzo hapa si uchawi, si laana, wala si uzinzi. Chanzo ni kukosa upasuaji wa kumtoa mtoto kwa wakati ufaao.

Safari ya Utafiti

Maradhi haya si mageni. Mwaka 1935, Douglas Derry alieleza alichokiona katika maiti iliyokaushwa ya Henhenit, mwanamke wa nyumba ya kifalme nchini Misri aliyeishi takriban miaka 4,000 iliyopita: alikuwa na nasuri baina ya kibofu na uke.

Tiba ya kisasa nayo ina historia chungu. Kati ya mwaka 1845 na 1849, daktari J. Marion Sims aliwafanyia majaribio ya upasuaji wanawake watumwa mjini Montgomery, Alabama. Majina matatu yamehifadhiwa: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha peke yake alipasuliwa takriban mara thelathini bila dawa ya usingizi. Sims alipochapisha mbinu yake ya kushona kwa nyuzi za fedha mwaka 1852, sifa zilimwendea yeye. Sanamu yake iliyokuwa Central Park, New York, iliondolewa Aprili 2018. Yafaa tukumbuke kwamba maarifa yanayowaponya wanawake wa Afrika leo yalichotwa katika miili ya wanawake wa asili ya Afrika ambao hawakuwa na uhuru wa kukataa.

Mwaka 1948, Mmarekani Arnold Kegel alichapisha maelezo ya mazoezi ya kuikaza misuli ya nyonga. Mazoezi haya hayana gharama: mwanamke huikaza misuli ile anayoitumia kuuzuia mkojo, kisha huilegeza. Miongozo ya tiba nchini Uingereza hupendekeza mikazo isiyopungua minane, mara tatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu.

Hapa Afrika, Reginald na Catherine Hamlin walifika Addis Ababa mwaka 1959, na mwaka 1974 wakafungua hospitali maalumu ya nasuri. Fauka ya hayo, mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali nane za nchi nane za Afrika, Kenya ikiwemo. Swali lake lilikuwa jepesi: baada ya tundu dogo kushonwa, mpira wa mkojo ukae siku ngapi? Wanawake 524 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, la siku 7 na la siku 14. Ushonaji ulifumuka kwa takriban asilimia 4 ya kundi la kwanza na asilimia 3 ya kundi la pili, tofauti isiyo na uzito. Maana yake ni kwamba kitanda kilichomhudumia mgonjwa mmoja kwa majuma mawili sasa chaweza kuwahudumia wawili.

Si kila ugunduzi ulioleta nafuu. Wavu wa plastiki uliopachikwa kupitia ukeni ili kuvishikilia viungo vilivyoshuka uliwaletea baadhi ya wanawake maumivu ya kudumu. Aprili 2019, mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru nyavu za aina hiyo zisiuzwe tena kwa tiba ya viungo vilivyoshuka. Ripoti iliyotolewa Uingereza mwaka 2020 ilionyesha kwamba malalamiko ya wagonjwa yalikuwa yamepuuzwa kwa miaka mingi. Wanawake hao walisema, ila hawakusikilizwa.

Lugha kama Kizuizi na kama Dawa

Mwaka 1994, watafiti Thaddeus na Maine walibainisha ucheleweshaji wa aina tatu unaowaangamiza wajawazito: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika hospitalini, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mnamo Juni 2013, serikali ya Kenya iliondoa ada za kujifungulia katika hospitali za umma, hatua iliyopunguza kizingiti cha pesa. Lakini ucheleweshaji wa kwanza hukaa pia katika maneno. Asiyeweza kulitaja tatizo lake ataamuaje kulitafutia tiba?

Hebu tuchunguze msamiati wenyewe. Neno kikojozi huhusishwa na mtoto anayelowesha kitanda, na akiitwa hivyo mtu mzima huwa ametukanwa. Kitenzi kujikojolea kina kiambishi -ji-, ambacho humfanya mtenda kuwa pia mtendwa. Kisarufi, mwanamke anayesema "najikojolea" anajishtaki mwenyewe. Kinyume chake, anayesema "mkojo unanivuja" amemweka mkojo katika nafasi ya kiima, naye amebaki kuwa mtendwa, kama ilivyo hali yake halisi. Tofauti hii ya viambishi yaweza kuonekana ndogo darasani, ila katika chumba cha daktari ni tofauti baina ya kusema na kunyamaza.

Hatupendekezi tasfida itupwe. Muuguzi aliyemsaidia nyanya hakutamka neno lolote la aibu. Aliuliza kuhusu leso. Tunalopendekeza ni kwamba wauguzi na wahudumu wa afya wafunzwe maswali ya aina hiyo, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili washiriki katika kuandaa vijikaratasi vya kliniki vinavyotumia lugha inayoeleweka na isiyohukumu. Kazi za kifasihi tunazozichambua zimejaa wahusika wa kike wanaoteseka kimya. Tusiusifu ukimya huo kama subira pale ambapo tiba ipo.

Hitimisho

Maradhi ya kibofu na nyonga yana chanzo kinachojulikana na, kwa wengi, tiba inayopatikana: mazoezi, dawa au upasuaji. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nyanya alizaa, kisha akaficha, na kuficha huko kukamgharimu miaka thelathini. Tiba yake ilikuwa pete ya mpira ambayo daktari huipachika ukeni ili kuushikilia mfuko wa uzazi, kazi ya dakika chache. Kigoda bado kipo kando ya jiko. Siku hizi wanakikalia wajukuu, na nyanya anaketi kochini.