Nyumba za Masaji Mitaani Mwetu: Halmashauri Ina Mamlaka Gani na Usharika Ufanye Nini?



Katika ziara zetu za sharika za mjini, suala moja limekuwa likijirudia. Nyumba za masaji zinaongezeka, na baadhi ya wanaofanya kazi humo ni mabinti waliotoka katika vijiji vyetu. Kamati kadhaa zinataka kuandika barua ya kuomba zifungwe zote. Kabla ya kuandika barua hiyo, ni vema tuelewe serikali za mitaa zina mamlaka gani juu ya biashara hii, na ni wapi sauti ya usharika inaweza kusikika.

Masaji yenyewe si kosa

Kukanda mwili ni huduma waliyoijua wazee wetu. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto, na aliyeteguka mguu hukandwa pia. Huko Moshi na Arusha, watalii wanaoshuka Mlima Kilimanjaro hutafuta huduma hii, na wapo vijana wanaoifanya kwa uaminifu na kusomesha wadogo zao.

Tunachopinga ni danguro lililojificha nyuma ya kibao cha masaji, na utumikishaji wa watoto. Haya tayari ni makosa kisheria. Kanuni ya Adhabu inakataza kuendesha danguro. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na inakataza kumtumikisha kingono. Anayemchukua msichana kijijini kwa ahadi ya uongo ya kazi ili akamtumikishe, anaguswa na sheria ya mwaka 2008 dhidi ya biashara haramu ya kusafirisha binadamu.

Nyenzo tatu za halmashauri

Ya kwanza ni leseni. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 inataka kila mahali pa biashara pawe na leseni yake, na ibandikwe mahali inapoonekana. Leseni hudumu mwaka mmoja. Maana yake, kila mwaka halmashauri inayo nafasi ya kuuliza upya biashara hiyo inaendeshwaje.

Ya pili ni ukaguzi wa afya. Kwa Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, maafisa afya hukagua maeneo ya biashara na kuagiza marekebisho pale usafi unapokosekana.

Ya tatu ni sheria ndogo. Sheria Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982 zinazipa halmashauri za wilaya na za miji uwezo wa kutunga sheria ndogo, mradi zisipingane na sheria za Bunge. Rasimu hutangazwa ili wananchi watoe maoni na mapingamizi, kisha hupitishwa na Baraza la Madiwani, huidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na hutangazwa katika Gazeti la Serikali.

Ni katika hatua ya maoni ndipo usharika una nguvu kubwa. Mara nyingi tangazo hubandikwa, siku hupita, na hakuna anayeandika. Baadaye tunalalamikia sheria ambayo hatukuisoma.

Tuombe nini hasa?

Sheria ndogo inayopiga marufuku masaji yote itawanyima riziki watu waaminifu, na itawahamisha mabinti kutoka nyumba yenye kibao kwenda vyumba vya kupanga ambako bwana afya hafiki. Vilevile, msako ukifanyika bila mpango, mabinti ndio hupandishwa kwenye karandinga, na mwenye biashara hulala nyumbani kwake.

Tunapendekeza kamati ziombe mambo haya:
- mmiliki halisi ajulikane kabla leseni haijatolewa;
- kuwe na daftari la wafanyakazi lenye uthibitisho wa umri, na asiwepo aliye chini ya miaka 18;
- kila mfanyakazi apewe maelezo ya ajira yake kwa maandishi, kama inavyotaka Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004;
- milango ya vyumba isifungwe kwa ufunguo, na saa za kufunga ziwekwe;
- adhabu imwangukie kwanza mwenye biashara.

Hatua za kuchukua

Kamati ianze kwa mwenyekiti wa mtaa na Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha imwone diwani. Mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi, twende tukasikilize. Mkiona mtoto anatumikishwa, msingoje kikao. Toeni taarifa kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kwa afisa ustawi wa jamii, au pigeni simu namba 116, ambayo ni bure.

Kwa wafadhili wetu: kazi hii haina jengo la kupigwa picha. Inahitaji nauli, nakala za sheria, semina za wazee wa kanisa, na mahali pa kumpokea binti anayetaka kutoka. Binti huyo alibatizwa kwetu na kufundishwa kipaimara kwetu. Akirudi, asikute tumejiandaa kumhukumu tu. Akute cherehani, chumba salama na mtu wa kumsikiliza.