Sista Yako Ako Dubai, MCA Hamjui

Cheki hii. Wewe wa Old Town, siku ya uchaguzi unapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge wa Mvita na MCA. Sista yako aliyejiandikishia huko Dubai? Moja tu, ya rais. Sheria iko hivyo, ukipigia nje ni rais na kura ya maoni basi. Doo anatuma kila mwezi, mathe anakula, karo inalipwa, lakini mitaro ikifurika mtaani hana MCA wa kumtoa.

Na huyo ana bahati, wallahi. Katiba ya 2010 ilisema walio nje wasajiliwe mdogo mdogo. 2013 IEBC ikaanza na Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. 2017 ikaongeza Afrika Kusini. 2022 zikafika nchi 12, Imarati na Qatar ndani, na waliosajiliwa kote huko ni 10,443 pekee. Saudia na Oman, kwenye wasee wetu wamejaa? Hakukuwa na kituo hata kimoja. Msee wa Riyadh alikuwa akate tiketi arudi kwa kituo alichojiandikisha, ama akae.

Ufaransa, raia walio ng'ambo wana wabunge wao 11 tangu 2012.