Gitaa kali, lakini mtu aimbe: Nilivyosaka metali isiyo ya mayowe

Binamu yangu alinirudishia earphone baada ya nusu dakika hivi. Tulikuwa kwenye matatu ya Rongai, jam imeshika pale Bomas, na mimi kwa kiburi changu nikamchezea Meshuggah, ile bendi ya Uswidi yenye gitaa za nyuzi nane.

"Buda, hizo gitaa ni moto," akasema. "Lakini huyu jamaa anagombana na nani? Hakuna ingine kama hii, mtu akiimba?"

Nikacheka, nikabadilisha mada. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Lilinichukua karibu miezi mitatu kulipata, na bando nyingi zilikufa njiani.

Kwanza tuelewane: sina vita na mayowe. Ni ufundi. Wanaoupiga hujifunza kupumua na kubana koo kwa namna isiyolichana, la sivyo hawangemaliza ziara hata moja. Jens Kidman wa Meshuggah hutumia sauti yake kama ngoma ya ziada, inagonga pale pale gitaa zinapogonga. Muziki ule umejengwa hivyo na unasimama hivyo. Lakini binamu yangu amekulia kwaya ya kanisa. Yeye anataka kitu cha kurudi nacho nyumbani kichwani, kitu cha kuimba akiosha vyombo. Hiyo si dhambi, japo kuna mashabiki watakuambia metali ya kuimba ni ya watoto. Wapuuze.

Kosa langu la kwanza lilikuwa neno nililotafutia. Niliandika "technical metal", nikapelekwa moja kwa moja kwa kina Necrophagist wa Ujerumani na Archspire wa Kanada. Vidole vyao ni vya kutisha, sibishi. Lakini sauti ni kunguruma mwanzo mwisho, na yule wa Archspire hutema silabi kwa kasi ya dalali wa mnada. Niliendelea kuchimba shimo hilo hilo kwa wiki kadhaa kabla ya kugundua kwamba neno nililohitaji lilikuwa "progressive", ambalo wenyewe hulifupisha kuwa "prog".

Hapo ndipo nikajua hadithi yote nilikuwa nimeishika kichwa chini miguu juu. Nilidhani metali ngumu ilianza na mayowe, kisha kuna watu wakaja kuilainisha kwa kuimba ili ipate kuchezwa redioni. Kumbe tawi hili lilizaliwa likiimba. Babu zake ni Rush wa Kanada, waliotoa albamu ya 2112 mwaka 1976, na Iron Maiden wa Uingereza. Kufikia 1988, Queensrÿche wa Marekani walikuwa wametoa Operation: Mindcrime, albamu nzima ikisimulia hadithi moja kama mchezo wa kuigiza, na Geoff Tate akiimba kwa sauti ambayo mwalimu yeyote wa kwaya angeipigia makofi.

Kisha kuna Dream Theater, na hapa nitakaa kidogo.

Ilianzishwa mwaka 1985 na wanafunzi watatu wa chuo cha muziki cha Berklee, kule Boston: John Petrucci wa gitaa, John Myung wa besi na Mike Portnoy wa ngoma. Vijana wa kufanya mazoezi mpaka vidole vikauke. Shida yao haikuwa vyombo, ilikuwa koo. Waliachana na waimbaji, wakasikiliza wengine wengi, hadi 1991 walipompata James LaBrie kutoka Kanada. Mwaka uliofuata wakatoa Images and Words. Wimbo wa kwanza wa albamu hiyo, Pull Me Under, una zaidi ya dakika nane, lakini bado ulipenya redioni na kwenye televisheni za Marekani.

Mwisho wa 1994 LaBrie alikuwa likizoni Cuba, akala chakula kikamchafua tumbo. Alitapika kwa nguvu kiasi cha kuraruka nyuzi za sauti. Madaktari walimwambia apumzike, hakuna dawa nyingine. Lakini ziara ya Japani ilikuwa imeshapangwa, na mapema 1995 akapanda jukwaani na koo hilo hilo. Amesema mwenyewe kwamba ilimchukua miaka kadhaa kujihisi sawa tena.

Hadithi hiyo ilibadilisha jinsi ninavyosikiliza. Uzi wa gitaa ukikatika unanunua mwingine. Ngozi ya ngoma ikipasuka, unabadilisha. Mwimbaji hana duka. Na katika muziki huu hana pa kujificha, maana wenzake nyuma wanacheza vitu ambavyo havimpi hata mahali pa kuegemea.

Ukitaka kuelewa nasema nini, jaribu hivi. Gonga meza ukihesabu: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Rudia bila kupumzika. Hayo ni mapigo saba, na mguu wako uliozoea manne ya gengetone utapotea mzunguko wa pili. (Waliokulia na chakacha ya Pwani, ambako mapigo ya mawili na matatu hupishana, huenda wakahangaika kidogo tu.) Sasa, gitaa na ngoma zikiwa zinazunguka kwenye saba hiyo, mwimbaji anatakiwa kuweka juu yake mstari mrefu uliotulia, kana kwamba chini hakuna fujo yoyote. Akifaulu, wewe msikilizaji huhesabu chochote. Unamfuata yeye tu. Sauti ndiyo inayokushika mkono kuvuka barabara.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kuimba kwenye metali ya aina hii si ulaini. Ni kazi ngumu zaidi katika bendi.

Mfano bora ninaoujua ni TesseracT wa Uingereza. Gitaa zao zimetoka ukoo ule ule wa Meshuggah, nzito na za kukatakata. Albamu yao ya 2013, Altered State, haina mayowe hata kidogo. Aliyeimba ni Ashe O'Hara, ambaye hakukaa sana. Daniel Tompkins aliyekuwapo kabla yake alirejea 2014. Tompkins anajua yote mawili, kupiga yowe na kuimba, na kwenye War of Being ya 2023 utayasikia yote. Kwa hivyo kama koo la hasira ndilo linalokukera, anza na Altered State, uisikilize yote bila kuruka nyimbo.

Haken wa London ni wachangamfu zaidi, na The Mountain, pia ya 2013, ina sehemu wanapopangana sauti kama kwaya hasa. Binamu yangu aliipenda hiyo kuliko mimi. Leprous wa Norway wana Einar Solberg, jamaa wa sauti ya juu mno inayokaribia kulia. Zamani walichanganya na mayowe, lakini Malina ya 2017 ni kuimba tu. Wengine humwona amezidisha hisia. Mimi nikiwa na siku mbaya, yeye ndiye ninayemtafuta.

Australia nayo sijui wanakunywa maji gani. Karnivool wametoka Perth, Caligula's Horse wametoka Brisbane, na Voyager, wa Perth pia, waliiwakilisha nchi yao kwenye Eurovision ya 2023 wakamaliza nafasi ya 9. Metali, kwenye shindano la pop!

Tahadhari moja kuhusu Opeth wa Uswidi, kwa sababu kila mtu atakutajia. Mikael Åkerfeldt ana sauti tamu ajabu, na Damnation ya 2003 haina kunguruma. Ila pia haina uzito: ni gitaa tulivu za usiku wa mvua. Ukitaka gitaa za kubomoa ukuta, hiyo si yenyewe. Na ukiifungua albamu yao ya 2024 ukitarajia utulivu ule ule utaruka kitini, maana huko kunguruma kumerudi.

Bendi niliyoipata mwisho ndiyo ingepaswa kuwa ya kwanza, na iko bara letu hili. Inaitwa Myrath, inatoka Tunisia, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa jina: ni mirathi. Zaher Zorgati anaimba zaidi kwa Kiingereza na Kiarabu kikipenyeza, lakini sikiliza anavyoikunja sauti mwishoni mwa mstari, anavyoipandisha na kuishusha ngazi ndogondogo kabla ya kuiachilia. Mtu aliyelelewa na taarabu ya Mombasa ataijua hiyo mara moja. Fidla za Kiarabu zinaingia, kisha gitaa zinaangukia juu yake kama lori la mchanga. Anza na Legacy ya 2016.

Hapa Nairobi tunajulikana kwa upande ule mwingine. Duma, yaani Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu yao 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na mayowe yake yalifika mbali sana. Waliyastahili. Lakini siku moja ningependa kusikia mtu akipanda jukwaani hapa, gitaa zikizunguka kwenye saba, halafu aimbe kwa Kiswahili, tena aimbe kweli.

Wiki jana tulikuwa tena kwenye matatu, jam ni ile ile ya Bomas. Nikamchezea Myrath, sikusema kitu. Tulifika Rongai earphone zote mbili zikiwa masikioni mwake. Usiku nikamtumia Pull Me Under. Akajibu kwamba jamaa anaimba poa, lakini dakika nane kwa wimbo mmoja ni wizi wa bando, na je, nina hotspot?