Jina Jema na Mizani: Kisa cha Paja la Prague

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Lakini je, ndugu msomaji, kibaya kikijivika jina la chema, mnunuzi atakitambuaje? Swali hili linakihusu chakula mashuhuri cha Jamhuri ya Cheki kiitwacho Pražská šunka, yaani paja la nguruwe la Prague. Hata yule ambaye dini yake haimruhusu kula nyama hiyo atapata funzo katika historia yake.

Kabla ya kuvumbuliwa majokofu, familia za Ulaya zilitegemea chumvi na moshi kuhifadhi nyama. Chumvi huvuta maji yaliyomo katika nyama, na vijidudu viozeshavyo havistawi pasipo maji. Moshi nao hukausha sehemu ya nje na kuacha kemikali zinazozuia kuoza. Mafundi wa Prague waliuendeleza ujuzi huo. Paja hutiwa maji ya chumvi, hufukizwa kidogo kwa moshi wa biichi, mti mgumu wa misitu ya Ulaya, na huivishwa taratibu ili libaki laini.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Antonín Chmel, mwenye kiwanda cha nyama katika eneo la Zvonařka mjini Prague, alikuwa miongoni mwa waliolitangaza paja hilo nchi za nje. Wakati huo Wacheki walikuwa chini ya Dola ya Austria, ambayo ilisambaratika mwaka 1918. Sifa za paja hilo zilifika hata Trieste, iliyokuwa bandari kuu ya dola hiyo na ambayo leo ni mji wa Italia. Huko hadi sasa huokwa ndani ya mkate na kukatwa likiwa moto.

Sifa huleta waigaji. Maji ni rahisi kuliko nyama, na mtengenezaji akiyazidisha, mnunuzi hulipia maji kwa bei ya nyama. Ndiyo maana mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliliandikisha jina la Pražská šunka. Yafaa ieleweke kwamba kinacholindwa ni namna ya kutengeneza, si mahali. Paja laweza kuwa na mfupa, bila mfupa, au la mkebe, mradi kanuni zifuatwe.

Hata hivyo, sheria haitoshi pasipo macho ya mnunuzi. Katika uwanja mkongwe wa Prague, wachuuzi wamekuwa wakichoma mapaja juu ya moto. Iliwahi kutokea kwamba bei iliyoandikwa kibaoni ilikuwa ya gramu 100, lakini kipande kilichokatwa kilikuwa kizito zaidi, na wageni wengi walishtuka walipodaiwa fedha.

Basi, ndugu msomaji, uwapo buchani au sokoni, uliza kwanza bei ni ya uzito gani, kisha itazame mizani kabla kisu hakijakata.